Kabla ya Kugawa Dodoso kwa Watoto

Wenzangu wa Elimu, muda si mrefu wengi wetu tutaingia mashuleni na mabegi yaliyojaa madodoso. Barua ya chuo tunayo, kibali cha halmashauri tunacho, mkuu wa shule katukaribisha ofisini. Swali langu ni moja tu: mtoto mwenyewe nani kamuuliza?

Tuangalie kisa cha mwanafunzi kama sisi. Mwaka 1939 Mary Tudor, mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alifanya utafiti wa tasnifu yake chini ya msimamizi wake, Wendell Johnson. Msimamizi aliamini kwamba kigugumizi kinaweza kuletwa na jinsi watu wazima wanavyomkosoa mtoto anapoongea. Ili kuipima nadharia hiyo, walichukua watoto 22 wa kituo cha yatima mjini Davenport. Sita kati yao, waliokuwa wakiongea vizuri kabisa, waliambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi na wasifungue mdomo mpaka wawe na uhakika wa kutamka sawasawa. Matokeo yake? Wakaanza kuogopa kuongea. Walimu na walezi wao hawakuelezwa lengo halisi. Tudor alirudi baadaye kujaribu kurekebisha mambo, lakini chuo kiliomba radhi mwaka 2001, zaidi ya miaka 60 baadaye. Mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000 kumaliza kesi.

Tuzingatie hili: hakuna sindano iliyochomwa pale, wala dawa iliyonyweshwa. Ni maneno tu. Kwa hiyo tusijifariji kwamba "mimi nauliza maswali tu, simdhuru mtu". Na milango ya kituo ilikuwa wazi kwao. Ruhusa ya wakubwa haikuwalinda wale watoto.

Ndiyo maana utafiti unaohusu watoto unadai ruhusa za aina tatu, na moja haifuti nyingine. Ya kwanza ni ya mamlaka, yaani chuo, halmashauri na shule. Ya pili ni ridhaa ya mzazi au mlezi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hivyo hata yule kaka wa kidato cha nne mwenye sharubu yumo. Kama mzazi hajui kusoma, fomu aelezwe kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa. Ya tatu ni kukubali kwa mtoto mwenyewe. Mzazi akisema ndiyo na mtoto akasema hapana, hapana ya mtoto inashinda.

Hapa ndipo penye ugumu. Darasani kwetu mtoto hajazoeshwa kukataa. Mwalimu akisema "mgeni wetu ana maswali, mjibuni vizuri", watoto arobaini wataitikia "ndiyo mwalimu!" kwa sauti moja. Hiyo si ridhaa, ni utii. Mwombe mwalimu atoke kidogo, au akae mahali asipoona nani kajibu na nani kaacha. Kisha sema kwa lugha nyepesi: "Nasoma chuo, nataka kujifunza kutoka kwenu. Huu si mtihani, hauna maksi. Usipotaka, hakuna atakayekukasirikia. Ukianza ukachoka, acha." Halafu mwombe mmojammoja akueleze kwa maneno yake umekuja kufanya nini. Akishindwa, hajaelewa, na asiyeelewa hajakubali. Wasiotaka wapewe kazi nyingine ya kufanya, wasinyooshewe vidole.

Jambo jingine: tusiahidi siri tusiyoweza kuitunza. Unauliza kuhusu utoro, mtoto anakueleza kwamba anapigwa au anafanyiwa ukatili nyumbani. Utafanyaje? Sheria hiyohiyo inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azifikishe serikali za mitaa. Basi mwambie mtoto mapema kwamba majibu yake ni siri, isipokuwa ukisikia kwamba yuko hatarini. Na kabla hujaanza, jua afisa ustawi wa jamii wa eneo lile anapatikana wapi.

Kuna watakaosema, kwa masharti haya bora tuwaache watoto tuwahoji walimu. Hapana. Tukifanya hivyo tutaendelea kuamua mambo ya viboko, chakula cha shule na lugha ya kufundishia kwa kukisia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake kwenye mambo yanayomhusu. Tunawahitaji, na wao wana haki ya kusikika.

Jamani, najua muda ni mdogo, bumu limekata na msimamizi anataka data. Lakini madodoso 25 yaliyojazwa na watoto waliokubali kweli yana maana kuliko 60 yaliyojazwa kwa woga. Mtoto anayeogopa huandika anachodhani mwalimu anataka kusoma. Kwa hiyo tukiwakosea watoto, hata sura ya nne ya ripoti zetu itakuwa imejaa uongo.