Invata Ikilia, Usikimbilie Fundi

Wengi wetu wanafunzi wa kutwa husoma usiku kwa stima ya sola. Taa ikizimika, kesho yake mwalimu wa hesabu hana simile! Basi leo tujifunze kuitunza invata, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa volti 240.

Invata ikipiga kelele tii-tii, mara nyingi si mbovu. Betri ndiyo inayolia.

Kwanza, zima kila kitu. Betri ya asidi ikishapumzika saa chache, ipime kwa mita. Iliyojaa husoma karibu volti 12.7. Ikisoma 12.0, chaji imebaki kidogo. Panguza vumbi kwenye paneli, uiache ijae.

Pili, tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, vaa glavu, chomoa waya ukianza na wa hasi, safisha, kausha, kisha kaza.

Tatu, kama betri ni ya kuongezwa maji, hakikisha yamefunika mabamba ya ndani. Tumia maji ya betri, si ya mfereji.

Nne, jumlisha wati. Invata ya wati 300 haiwezi pasi ya wati 1000. Kwetu sisi hupiga pasi ya makaa.

Tahadhari! Usimulike betri kwa koroboi, gesi yake hulipuka. Invata yenyewe usiifungue. Hapo sasa mwite fundi.

Mimi huikagua ya kwetu kila Jumamosi, maana bei ya betri mpya si mchezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.