Kidhibiti cha Hewa cha Mzamiaji: Kukichagua na Kukitunza

Kidhibiti cha hewa, ambacho wazamiaji hukiita regulata, hupunguza shinikizo la mtungi, ambalo hukaribia baa 200 mtungi ukijaa, hadi kiwango kinachovutika kwa pumzi ya kawaida. Kikiharibika katika kina cha mita 20, mtumiaji hana nafasi ya kukirudisha dukani.

Kabla ya kununua, tunamshauri mzamiaji mgeni aulize mambo matatu. Kwanza, je, kinaingia katika mitungi ya mahali anapozamia? Vingine hubanwa kwa kibanio, vingine hukazwa kwa skrubu. Pili, je, yupo fundi wa karibu aliyeidhinishwa na mtengenezaji, mwenye vipuri? Tatu, ikiwa kimekwisha kutumika, ziko wapi kumbukumbu za matengenezo yake? Muuzaji asiyeweza kujibu asipewe fedha.

Baada ya kila mbizi, kausha kifuniko cha vumbi na ukifunge. Kisha loweka kifaa katika maji yasiyo na chumvi, bila kubonyeza kitufe cha kupuliza hewa, kwani maji yatapenya ndani. Kianike kivulini. Watengenezaji wengi huagiza kikaguliwe na fundi kila mwaka. Fuata kijitabu cha kifaa chako.

Kabla ya kuzama, fungua mtungi, kisha vuta pumzi kadhaa huku ukitazama kipimo cha shinikizo. Mshale ukishuka na kupanda kwa kila pumzi, huenda vali ya mtungi haijafunguka sawasawa. Usizame hadi kasoro iondolewe.