Kelele katika Redio ya Gari na Namna ya Kutafuta Asili Yake

Mwenye gari akiwasha redio asubuhi ili asikilize habari, na badala yake akasikia mlio mwembamba kama wa mbu, unaopanda kila akanyagapo mafuta, aghalabu hufikiri kwamba redio imeharibika. Hivyo ndivyo alivyofikiri jirani yangu mmoja, dereva wa teksi. Alinunua redio nyingine, kisha akanunua amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, kwa fedha zilizokuwa zimewekwa kwa karo ya mtoto. Mlio haukuondoka. Mwishowe fundi mmoja mzee alifungua skrubu moja chini ya kiti, akakwangua rangi kwa msasa, akaikaza tena, na mlio ukanyamaza. Kazi hiyo haikufika robo saa.

Basi yafaa kila mwenye gari ajue kutafuta asili ya kelele kabla hajatoa fedha. Wala kazi hiyo haihitaji zana nyingi. Kwanza yahitaji masikio.

Zima injini, uache ufunguo mahali pa kuwashia redio tu. Kama kelele imekoma, inatokana na injini au vitu vinavyozungushwa nayo. Kama inaendelea, asili yake imo katika redio, katika amplifaya, au katika kitu kingine kilichoungwa nazo. Sasa washa injini, ukanyage mafuta polepole. Mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini hutoka kwa alteneta, mashine inayotia umeme katika betri. Mlio wa ta-ta-ta, unaokwenda mbio injini ikienda mbio, hutoka kwenye plagi na nyaya zake, nao husikika zaidi katika stesheni za AM kuliko za FM. (Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche, basi mwenye gari la namna hiyo asipoteze wakati huko.)

Kwa nini alteneta ilie ndani ya redio? Umeme wake huzaliwa ukienda na kurudi, kisha hupitishwa katika vipande viitwavyo dayodi ili uende upande mmoja tu. Hata hivyo hautoki laini kabisa. Hubaki na mawimbi madogo madogo. Betri iliyojaa ina volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa, na injini ikizunguka hupanda hadi 13.8 au 14.4. Mawimbi yale husafiri katika nyaya zote za gari, na betri nzima huyameza mengi. Yanayobaki hayadhuru kitu, maadamu hayakupata njia ya kuingia katika sauti.

Njia hiyo, mara nyingi sana, ni ethi mbaya. Katika gari kila kifaa hupokea umeme kwa waya mmoja na kuurudisha kwa bodi ya chuma. Waya unaogusa bodi ndio uitwao ethi. Redio ina ethi yake mbele, na amplifaya ina yake nyuma katika buti. Ikiwa mahali pamoja pana kutu au rangi, umeme hushindwa kurudi vema, nao hutafuta njia nyingine: hupitia ganda la nje la nyaya za sauti zinazounga redio na amplifaya. Nyaya hizo zilikusudiwa kuchukua sauti tu, na lolote lipitalo humo hukuzwa pamoja na muziki. Ndiyo maana amplifaya mpya haikumsaidia jirani yangu. Ilikuza kelele ile ile kwa nguvu zaidi.

Waya wa ethi wa amplifaya na uwe mfupi, usizidi nusu mita, na unene wake uwe sawa na ule wa waya uletao umeme. Kwangua chuma cha bodi mpaka king'ae, kaza bolti barabara, kisha paka grisi juu yake ili kutu isirudi. Mwenye mita apime kutoka hapo hadi upande wa hasi wa betri: isizidi omu moja, na chini ya nusu ni bora.

Kama ethi ni njema na kelele ingaliko, zima mitambo yote, chomoa nyaya za sauti kwenye amplifaya, uwashe tena. Ikinyamaza, tafuta kwenye redio na katika nyaya hizo. Isiponyamaza, kosa liko kwa amplifaya. Usizichomoe kamwe redio ikiwa inalia, kwani waweza kuunguza fyuzi ndogo iliyo ndani yake, ukajiletea mlio ambao hukuwa nao.

Chomoa pia chaja ya simu kwenye tundu la kuwashia sigara. Chaja za bei rahisi hutia mvumo mwingi katika FM. Halafu chomoa eriali: kelele ikikoma, ilikuwa ikiingia kwa njia hiyo. Magari mengi ya Kenya yametoka Japani, ambako FM huanzia 76 na haifiki 108 kama yetu, kwa hiyo hufungiwa kikasha cha kugeuza mawimbi kati ya eriali na redio. Kikasha kibovu hutia mvumo, na redio iliyotengenezwa kwa mawimbi yetu haikihitaji.

Mvumo usiobadilika wa shhh maana yake, aghalabu, ni kwamba kirekebisho cha amplifaya kimefunguliwa mno. Kipunguze.

Ungali umeinama, utazame waya mnene utokao kwenye betri. Lazima uwe na fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 45, na kila unapopenya tundu la chuma uwe na mpira. Waya usio na fyuzi, ukichubuka, huweza kuteketeza gari pamoja na waliomo. Upitishe upande mmoja, na nyaya za sauti upande wa pili.

Na ikiwa umefanya yote haya, mlio ungaliko, na betri yako huamka asubuhi haina nguvu, mwambie fundi wa umeme apime dayodi za alteneta. Dayodi moja iliyokufa huweza kupiga mlio mchana na kunyonya betri usiku kucha.