Tangu Anapozaliwa Mpaka Anapokaa: Kijitabu cha Nyumbani cha Makuzi ya Mtoto

Kijitabu hiki ni cha kila anayemshika mtoto nyumbani: mama, baba, bibi, shangazi, dada wa kazi. Kisomeni mtoto akiwa karibu, maana mengi yaliyomo mtayaona ninyi kabla ya muuguzi.

Kwenye foleni ya kupima uzito kliniki, swali halikosekani: "Wako ana miezi mingapi? Ameshakaa?" Swali hilo huwanyima usingizi wazazi wengi bila sababu. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza lilichokiona. Waliowahi walikaa bila kushikwa wakikaribia miezi 4. Waliochelewa walipita miezi 9. Kutembea wenyewe, waliowahi walianza wakiwa na miezi 8 na kidogo, na wengine walifika miezi 17 na nusu. Wote hao ni wazima. Karibu wanne katika kila mia hawakutambaa kwa magoti kabisa.

Kwa hiyo usimpime mwanao kwa mtoto wa jirani. Jiulize: mwezi huu anafanya nini ambacho mwezi uliopita alikuwa hakiwezi? Mtoto anayeongeza jambo, hata dogo, anakua. Mtoto aliyesimama palepale mwezi baada ya mwezi, au aliyeacha jambo alilokwisha kuliweza, anahitaji kuonwa na daktari.

Mtoto njiti huhesabiwa kwa namna yake. Aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 32 amewahi kwa wiki 8. Akitimiza miezi 5 tangu kuzaliwa, tazamia kwake mambo ya mtoto wa miezi 3. Hesabu hiyo hutumika mpaka atimize miaka 2.

WIKI ZA MWANZO

Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30. Ndio umbali uliopo kati ya ziwa na uso wa mama. Anapokutazama huku ananyonya, anakuona kweli, basi nawe mtazame. Sauti yako aliizoea tangu tumboni. Akisikia kishindo hushtuka na kurusha mikono. Hilo ni la kawaida na huisha lenyewe anapofikia miezi 4 hadi 6.

Katika siku hizo angalia sana manjano. Watoto wengi hupata manjano kidogo machoni na usoni kuanzia siku ya pili au ya tatu, kisha yakapungua. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi si rahisi kuyaona, hivyo msogeze mlangoni penye mwanga wa mchana, bonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, achia, utazame rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na nyayoni, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kumwotesha jua la asubuhi hakutoshi. Manjano makali yakiingia kwenye ubongo huacha utindio wa ubongo au uziwi wa maisha, na hospitali wanazo taa maalumu za kuyazuia yasifike huko.

TABASAMU, SHINGO NA MIKONO

Kati ya wiki ya 6 na ya 8 mtoto huanza kutabasamu kwa sababu amekuona. Lile tabasamu la usingizini la siku za mwanzo si hilo. Ukienda kwenye chanjo ya wiki ya 6, mweleze muuguzi kama ameanza, na kama macho yake yanaufuata uso wako unaposogea taratibu kwenda upande. Ukiona weupe ndani ya mboni ya jicho, usisubiri tarehe ya kliniki.

Shingo hukaza kwa mazoezi. Usiku na mchana mtoto alazwe chali anapolala. Akiwa macho, mpeni nafasi ya kulala kifudifudi. Tandika kanga juu ya mkeka, mweke kifua chini, nawe ulale mbele yake uso kwa uso umwite. Asiwe ametoka kunyonya muda huohuo. Mwanzoni atageuza kichwa upande na kulalamika. Dakika mbili tatu zinatosha, mtarudia baadaye. Wiki zikipita ataunyanyua uso, utikisike, aulaze tena. Kwenye mwezi wa 3 atajiinua kwa viwiko akutazame. Baba asiyejua afanye nini na mtoto mchanga, kazi hii inamfaa sana.

Ngumi nazo hufunguka kwenye mwezi wa 3. Hujitazama vidole, kisha huanza kunyoosha mkono kukamata kitu, na kwenye mwezi wa 6 huhamisha kijiko kutoka mkono huu kwenda ule. Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hulipita. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka akitumia mkono mmoja tu, ndugu husema huyu wa shoto. Mtoto mdogo hivyo hutumia mikono yote miwili. Anayeuacha mmoja huenda mkono huo ni dhaifu au umekakamaa, naye anapaswa kuchunguzwa.

KUSIKIA NA KUSEMA

Kwenye mwezi wa 2 hutoa sauti za "aa" na "uu". Mjibu, kisha nyamaza umwachie zamu. Lakini msihakikishe usikivu kwa sauti hizo peke yake, kwa kuwa hata mtoto kiziwi huzitoa. Kinachotofautisha huja baadaye: anayesikia huanza "ba-ba-ba" na "da-da-da" kati ya miezi 6 na 9, na huigeukia sauti asipomwona mwenyewe.

KUKAA

Huko Kenya, mtafiti Charles Super aliandika mwaka 1976 kuhusu akina mama wa Kipsigis waliowafundisha watoto kukaa kwa kuwaweka kwenye kishimo na kuwazungushia mablanketi. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kama kwa mwezi mmoja. Katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwatangulia. Nanyi mkalisheni wenu mapajani, kisha chini akizungukwa na mito, mtu akiwa karibu.

MANENO YA NDUGU

Sehemu nyingi za Tanzania, mtoto akichelewa au akidhoofika husemwa amebemendwa: kwamba baba au mama ametoka nje ya ndoa, au wamelala pamoja mapema wakati bado ananyonya. Mwenendo wa wazazi kitandani haulegezi shingo wala miguu ya mtoto. Viungo hulegea au kukakamaa kwa sababu nyingine, kama kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali, homa ya uti wa mgongo au kuzaliwa kabla ya wakati. Na udhoofu mara nyingi ni njaa au maradhi yanayotibika. Kwa kuogopa kusemwa, mama humficha mtoto ndani na kuacha kliniki, wakati huohuo ambao mazoezi ya viungo yangemfaa zaidi. Mama mkwe, neno lako lina uzito katika nyumba hiyo. Mwambie mkweo, "Twende wote," na umbebee mtoto.

NENDENI MAPEMA

Msisubiri kama mtoto wa miezi 3 hatabasamu wala hafuati uso kwa macho. Kama wa miezi 4 shingo bado inaanguka au ngumi hazifunguki. Kama miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi. Kama kichwa kinakua haraka na utosi umevimba. Au kama wa miezi 9 hakai hata akishikiliwa.

Kuna pia mishtuko midogo inayofanana na maumivu ya tumbo: mtoto, mara nyingi akitoka usingizini, hujikunja ghafla, hurusha mikono, hutulia, kisha hurudia mara nyingi mfululizo. Hii yaweza kuwa kifafa cha watoto wachanga, na kila wiki inayopita bila dawa huumiza ubongo. Mrekodini kwa simu inapotokea, mwende hospitali siku hiyohiyo, mkamwonyeshe daktari video hiyo kabla hamjaanza kueleza.