SOMO: Kuitazama Kesho ya Kiwanda Kabla Haijatufikia



Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia wakubwa, nalo ni kupanga mambo ya kiwanda au shamba kwa miaka 10 au 20 ijayo. Mwajiri haagizi mtambo mpya kwa kukurupuka. Kwanza hukaa na wahasibu na mainjinia wake, akapiga hesabu ya umeme, ya mafuta, ya soko, na ya mishahara yetu. Sisi tunapata habari siku mtambo unaposhushwa kutoka kwenye lori. Siku hiyo hakuna la kuzungumza isipokuwa kiinua mgongo.

Sheria inatusaidia, lakini kwa kiasi. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamhusu mwajiri anayekusudia kuachisha watu 10 au zaidi katika muda wa miezi 3 kwa sababu za uchumi au za mitambo. Inamtaka awape wawakilishi wa chama habari zinazohusika, si chini ya wiki 4 kabla mtu wa kwanza hajaachishwa. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, wanapewa taarifa ya mwezi mmoja. Hebu tujiulize: katika wiki 4 mfanyakazi anaweza kujifunza ufundi gani? Ataweza kupata shamba, au ada ya mtoto? Kwa hiyo yatupasa tuanze mapema kuliko sheria. Kazi hiyo ya kuanza mapema inaitwa kuona mbele, na ina njia zake ambazo mtu yeyote anaweza kujifunza.

Kuona mbele si uaguzi. Mwaguzi husema litakalotokea. Mwenye kuona mbele husema yanayoweza kutokea, kisha huuliza: likija hili tutafanya nini, na lipi tunaloweza kulivuta au kulizuia tangu leo?

MKONGE UNATUFUNDISHA NINI

Tuchukue mfano kwa jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 1964 nchi hiyo ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge, ikawa ya kwanza duniani. Mfanyakazi aliyesimama shambani mwaka ule aliona magari yamejaa, korona zinaunguruma mchana kutwa, na vibarua wanatafutwa. Hapana shaka alisema mambo ni mazuri.

Lakini dalili za hatari hazikuwa shambani, zilikuwa kwa mnunuzi. Sehemu kubwa ya mkonge ule ilisokotwa kamba za kufungia majani makavu ya mifugo huko Ulaya na Marekani. Na huko, tangu mwaka 1957, viwanda vilikwisha kuanza kutengeneza na kuuza plastiki iitwayo polipropilini, itokanayo na mafuta ya petroli, ambayo nayo husokotwa kamba. Mwaka 1963, yaani mwaka mmoja tu kabla ya mavuno yale makubwa, Karl Ziegler wa Ujerumani na Giulio Natta wa Italia walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya plastiki za namna hiyo. Habari haikuwa siri. Ilitangazwa dunia nzima.

Bei ya mkonge ikaanguka. Zilikuwapo sababu nyingine pia, za uendeshaji wa mashamba na za uchumi, lakini kamba ya plastiki ilikuwa pigo kubwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa inatoa chini ya tani 30,000 kwa mwaka. Tukumbuke kwamba katika kila tani iliyopotea mlikuwa na mkataji, mbeba mafurushi, fundi wa korona na mama wa kuanika singa.

Je, wafanyakazi wangeweza kuzuia plastiki isivumbuliwe? Hapana. Lakini kama dalili zingesomwa mapema, ingewezekana kudai mambo wakati shamba bado lina fedha: mafunzo ya kazi nyingine, viwanda vya kusokota na kufuma hapo hapo nchini, mfuko wa watakaoachishwa. Kudai hayo baada ya bei kuanguka ni kumkamua ng'ombe aliyekwisha kukauka.

NJIA NNE ZA KUONA MBELE

Njia ya kwanza: kukusanya dalili. Tawi liwe na daftari moja. Kila mwezi mwandikeni mlichokiona, hata kama ni kidogo. Wageni gani walikuja kupima sakafu? Spea za mashine ya zamani bado zinaagizwa, au wanaiacha ife? Mnunuzi amebadilisha aina ya gunia? Wafanyakazi wanaostaafu nafasi zao zinajazwa, au wanaletwa vibarua wa msimu? Dalili moja si kitu. Dalili tano zinazoelekeza upande mmoja ni habari.

Njia ya pili: kuuliza kwa duru. Njia hii ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1950 katika taasisi iitwayo RAND, nayo huitwa Delfi. Serikali ya Japani imekuwa ikiitumia tangu mwaka 1971, karibu kila miaka 5, kuwauliza wataalamu wengi teknolojia zipi zinakuja na lini. Sisi tunaweza kuitumia hivi. Katibu anaandika maswali machache, kwa mfano: "Unadhani idara ya kufungasha itakuwa na watu wangapi baada ya miaka 5, na kwa nini?" Kila mtu anajibu kwa karatasi bila kuandika jina. Asiyejua kuandika anamwambia anayemwamini amwandikie. Katibu anakusanya majibu, anayasoma yote mbele ya watu pamoja na sababu zake, kisha watu wanajibu tena mara ya pili. Anayetaka kubadilisha jibu anabadilisha bila aibu, kwa maana hakuna anayejua la kwanza lilikuwa la nani.

Faida yake ni kwamba mwenye sauti kubwa hawezi kuzima sauti ndogo. Kabla ya kuingia kazi ya chama nilikuwa mfumaji katika kiwanda kimoja cha nguo. Mama mmoja mfagiaji aliona wageni wakipima kwa futi nafasi iliyopo kati ya mashine. Katika mikutano yetu mfagiaji hakuulizwa neno. Miezi ilipopita zililetwa mashine mpya, mfumaji mmoja akapewa kusimamia nyingi, na wenzake wakaonyeshwa lango. Habari tulikuwa nayo ndani ya nyumba, ila hatukuwa na njia ya kuisikia.

Njia ya tatu: kusimulia kesho zaidi ya moja. Wataalamu huita sinario. Kampuni ya mafuta ya Shell, akiwamo Mfaransa mmoja aitwaye Pierre Wack, ilifanya kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1970. Badala ya kutabiri bei moja ya mafuta, walieleza kesho kadhaa, na mojawapo ilikuwa ya mafuta kupanda bei kwa ghafla. Ilipofika Oktoba 1973 bei ikaanza kuruka, na katika miezi michache ikawa karibu mara 4. Wengi walishangaa, lakini wakuu wa Shell walikuwa wamekwisha kulifikiria jambo lile. Ikiwa matajiri wanafaidika kwa kusimulia kesho, hatuna sababu ya sisi kukaa kimya.

Njia ya nne: kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Chagueni kesho mnayoitaka, mathalani: "Mwaka wa 10 kuanzia leo kiwanda chetu bado kinafanya kazi, na kila mwenye miaka 5 kazini amefundishwa kazi ya pili." Kisha ulizeni: ili hilo liwepo mwaka wa 10, lazima nini kiwe kimekwisha kufanyika mwaka wa 7? Na mwaka wa 4? Na mwaka huu, kabla ya mapatano mapya kutiwa sahihi? Mtakapofika mwaka huu, mtakuwa na orodha ya madai badala ya ndoto.

WAFANYAKAZI WALIOFANYA WENYEWE

Mtu anaweza kusema mambo haya ni ya wenye digrii. Tuwaangalie wafanyakazi wa kampuni ya Lucas Aerospace huko Uingereza, iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya ndege, vingi vikiwa vya jeshi. Walipoona kazi zinapunguzwa, wawakilishi wao kutoka viwanda mbalimbali waliungana katika kamati moja. Mwanzoni waliwaandikia wataalamu na taasisi nyingi kuomba mawazo. Waliojibu walikuwa wachache mno. Ndipo wakawageukia wenzao kwenye mashine. Waliwauliza: Una ujuzi gani? Mashine gani zipo hapo? Kwa ujuzi huo na mashine hizo, tunaweza kutengeneza nini chenye kuwafaa watu?

Mwezi Januari 1976 walitoa mpango wao, wenye mawazo ya bidhaa kama 150. Ndani yake vilikuwamo vifaa vya hospitali, vigari vya watoto wasioweza kutembea, mitambo ya umeme wa upepo, pampu za kupasha nyumba joto, na injini inayotumia mafuta na umeme kwa pamoja. Wenye kampuni waliukataa. Mmoja wa viongozi wa kamati ile, Mike Cooley, aliachishwa kazi mwaka 1981. Basi tusidanganyane kwamba mpango mzuri unatosha peke yake. Bila nguvu ya chama, mpango ni karatasi. Lakini angalieni orodha ile tena. Leo umeme wa upepo, pampu za joto na magari ya injini mbili ni biashara kubwa duniani. Wafanyakazi wale waliona mbali kuliko wakubwa wao.

ZOEZI: SHAMBA LA CHAI

Sasa tujaribu kwetu. Mashine ya kuchuma chai, ile inayoshikwa na watu wawili, mmoja upande huu wa mstari na mwingine upande ule, imekwisha kuingia katika mashamba ya kanda hii. Mwezi Mei 2023 huko Kericho, Kenya, watu wenye hasira walichoma mashine za kuchuma chai. Hasira hiyo inaeleweka. Lakini mashine iliyochomwa hununuliwa nyingine, na anayepelekwa mahakamani ni maskini.

Tuchukue mambo mawili tusiyoweza kuyajua kwa hakika. La kwanza ni bei ya chai katika mnada wa Mombasa, ambako chai yetu nyingi ya Uganda huuzwa: itapanda au itashuka? La pili ni mashine: zitaenea haraka au polepole? Hapo tunapata kesho nne.

1. Bei nzuri, mashine polepole. Kazi zipo. Huu ndio wakati wa kudai mafunzo, kwa sababu mwajiri ana fedha.
2. Bei nzuri, mashine haraka. Faida ipo, lakini wachumaji wanapungua. Dai letu: sehemu ya faida ya mashine irudi kwa wafanyakazi, na wachumaji wenyewe ndio wafundishwe kuziendesha na kuzitengeneza, wanawake kwa wanaume.
3. Bei mbaya, mashine polepole. Mwajiri atabana mshahara wa kilo. Ulizeni ni chai gani inayolipa zaidi. Wanunuzi wengine hutaka jani laini lililochaguliwa vizuri, na hapo mkono una faida yake.
4. Bei mbaya, mashine haraka. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Bila mfuko wa akiba na bila mapatano ya zamani yenye nguvu, watu watatoka mikono mitupu.

Angalieni sasa: ni dai gani linalotufaa katika kesho zote nne? Mafunzo ya kazi ya pili yanafaa kote. Habari za mapema zinafaa kote. Mfuko wa walioachishwa unafaa kote. Hayo ndiyo ya kuyaweka mbele, kwa sababu hayangoji tujue kesho ipi itakuja.

YA KUTIA KATIKA MAPATANO

Kila tawi litakapozungumza na mwajiri, lijaribu kupata haya:

(a) Mwajiri awape chama habari za mtambo mpya kabla ya kuuagiza, na si baada ya kufika.
(b) Kamati ya pamoja ya mitambo, ikutane kila miezi 3, na kumbukumbu zake ziandikwe.
(c) Mafunzo katika saa za kazi, kwa mshahara kamili.
(d) Nafasi mpya zitolewe kwanza kwa walio ndani.
(e) Mfuko wa walioachishwa uanze kuwekwa fedha wakati biashara ni nzuri.

Huenda hamtayapata yote kwa mara moja. Anzeni na (a), kwa maana mengine yanaufuata mlango huo.

MASWALI YA MAJADILIANO

Yasomwe kwa sauti katika mkutano wa tawi, na kila idara itoe mtu wa kujibu.

1. Tajeni dalili tatu mlizoziona kazini kwenu mwaka huu. Zinaelekeza upande gani?
2. Bidhaa yenu inanunuliwa na nani, na mnunuzi huyo anaweza kutumia kitu gani badala yake?
3. Ni nani kazini kwenu anayeona mengi lakini haulizwi?
4. Orodhesheni ufundi wote uliomo katika tawi lenu, hata ule usiotumika kazini. Kwa ufundi huo na mashine zilizopo, mnaweza kutengeneza nini kingine?
5. Mapatano yenu ya sasa yanakwisha lini? Hesabuni miezi iliyobaki, mpange kuanzia hapo kurudi nyuma.

Katibu wa tawi aandike majibu katika daftari la dalili, na mkutano ujao uanze kwa kuyasoma.

Umoja ni nguvu.