Mguu kifundo: kisigino kisipokaa chini ndani ya kiatu, hogo zote zimekwenda bure

Mguu kifundo ni kasoro ya kuzaliwa ambayo unyayo wa mtoto hugeukia ndani, vidole huelekea chini na kisigino huvutwa juu. Mtoto akiachwa hivyo hadi aanze kusimama, hukanyagia ubavu au hata mgongo wa mguu. Kasoro hii humpata karibu mtoto 1 katika kila watoto 800 hadi 1,000, wavulana takriban mara mbili ya wasichana, na nusu hivi ya watoto hao huwa nao miguu yote miwili. Chanzo mara nyingi hakijulikani, ingawa katika baadhi ya koo hurithiwa. Hausababishwi na namna mama alivyolala akiwa mjamzito, wala chakula alichokula, wala kurogwa, na mama anayesemwa hivyo ukweni anaonewa. Kukanda kwa mafuta ya nazi hakumdhuru mtoto, lakini hakurudishi mifupa mahali pake. Kinachodhuru ni wiki zinazopita wakati kano za mtoto mchanga bado ni laini, kwa maana ni vyema matibabu yaanze katika wiki 1 au 2 za kwanza.

Njia inayotumika leo karibu kila mahali ni ya Ignacio Ponseti, daktari aliyezaliwa kisiwani Menorca, Hispania, mwaka 1914. Alipofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliona kwamba watu waliopasuliwa sana miguu utotoni walikuwa wakikua na miguu migumu yenye maumivu. Akageukia kunyoosha kwa mikono na kufunga hogo, yaani plasta ngumu. Wenzake walichelewa kumsikiliza. Njia yake ilienea hasa baada ya kitabu chake cha mwaka 1996. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizoichukua mapema, na daktari wa Kanada, Shafique Pirani, alishiriki sana katika kazi hiyo. Alama zinazoitwa kwa jina lake hupima ukali wa mguu kuanzia 0 hadi 6, kwa kutazama ishara 6: 3 za katikati ya mguu na 3 za kisiginoni.

Hogo hubadilishwa kila wiki, na miguu mingi hunyooka kwa hogo 4 hadi 7. Mpangilio wake hauchezewi. Hogo ya kwanza huinua kidole gumba ili kuondoa shimo refu la unyayo, hata kama kwa macho ya mzazi mguu unaonekana kama umepindishwa zaidi. Zinazofuata huusogeza unyayo mzima kwenda nje kidogokidogo, kidole gumba cha mtaalamu kikiwa kimekandamiza mfupa wa talasi kwa upande wa nje, mbele kidogo ya kifundo. Talasi ndiyo egemeo. Anayekandamiza pengine, hasa pale daktari Hiram Kite wa Marekani alipokuwa akikandamiza zamani, anakizuia kisigino kuzunguka, na mguu haunyooki ingawa hogo zinahesabika. Kisigino chenyewe hakishikwi kabisa. Hujigeuza kadiri sehemu ya mbele inavyokwenda nje.

Mtoto hunyonya wakati anafungwa, maana mguu wa mtoto anayelia hujikaza. Pamba huzungushwa nyembamba, plasta iliyolowa hufuata kuanzia vidoleni hadi goti, ikibonyezwa ifuate umbo la mguu, kisha goti hukunjwa pembe mraba na hogo kumaliziwa hadi pajani. Hogo inayoishia chini ya goti huvuka. Nyumbani mambo ni machache: isilowe, na vidole vitazamwe kila siku. Ukibonyeza kidole kikawa cheupe, kinatakiwa kirudi kuwa chekundu mara moja. Vidole vikizama ndani ya hogo, hogo imeteleza, na ni ya kutolewa siku hiyohiyo. Kuilowesha na kuibandua tangu jana yake ili kliniki iwe rahisi ni hasara, kwa kuwa mguu huanza kurudi usiku huohuo.

Unyayo ukishafika nje vya kutosha, hubaki kisigino kilichovutwa juu. Watoto wengi, kwa kawaida 8 au 9 kati ya 10, huhitaji kukatwa kano ya kisigino. Kwa mtoto mchanga hufanyika kwa ganzi, kwa tundu dogo lisilohitaji nyuzi, na mara nyingi bila nusu kaputi. Hogo ya mwisho hukaa wiki 3, muda ambao kano hujiunga upya ikiwa ndefu zaidi. Wazazi huogopa hatua hii kuliko zote, ilhali ndiyo fupi kuliko zote.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe huanza, nayo ni ya nyumbani. Mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, umbali kati ya visigino ukiwa sawa na upana wa mabega yake. Kiatu cha mguu uliotibiwa hugeuzwa nje nyuzi 60 hadi 70, cha mguu mzima nyuzi 30 hadi 40. Huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana hadi mtoto afikishe miaka 4 au 5. Viatu visipovaliwa, mguu hurudi. Hakuna sababu nyingine ya kurudi inayoikaribia hii kwa ukubwa, na inasikitisha kwamba kliniki nyingi hutumia miezi kwenye hogo na dakika chache tu kumfundisha mama kuvisha kiatu.

Kosa linalojirudia majumbani ni hili. Mtoto anarusha miguu, kiatu kinachomoka. Bibi anasema mtoto anaumizwa, mkanda unalegezwa. Mguu uliolegea unateleza ndani ya kiatu, ngozi inachubuka, malengelenge yanatokea, kiatu kinawekwa pembeni "mpaka apone", na kisigino kinaanza kupanda. Mtoto mmoja wa namna hii alirudishwa kwenye hogo. Viatu vyake vilinunuliwa kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeuliza umri tu, bila urefu wa unyayo wala upana wa mabega. Vilikuwa vizuri machoni, vyenye ngozi laini, na vikubwa. Muuzaji asiyepima mtoto asiuze kifaa hiki. Afadhali mara 10 fundi anayeshona kwa kipimo kufuata mfano wa Steenbeek, ulioanzishwa Uganda na Mholanzi Michiel Steenbeek: ngozi ya kawaida, chuma cha kawaida, na tundu dogo nyuma ya kiatu la kuchungulia kisigino.

Baada ya hogo za pili mtoto huyo alishonewa viatu vya mfano huo, na tundu hilo ndilo lililomwokoa. Mama yake alifundishwa kuanza na mguu mgumu zaidi, akikunja goti kwanza, kwa sababu goti lililonyooka hukaza kano na kukivuta kisigino juu. Soksi ya pamba isiyo na mkunjo. Kisigino kinasukumwa chini na nyuma kwa kidole gumba kilicholala juu ya kifundo, na mkanda wa katikati unafungwa kabla ya kamba yoyote, kwa kuwa mkanda huo ndio unaoshika kisigino. Ukishafungwa, vidole vinavutwa kidogo mbele na nyuma: mguu ukisogea, mkanda unaongezwa tundu moja. Kamba hufuata bila kukata damu. Kisha kiatu kinageuzwa na kisigino kinatafutwa tunduni. Kisipoonekana, kila kitu kinafunguliwa na kuanza upya, hata kama ni saa 8 usiku.

Jioni ya kwanza kisigino kilipokaa sawasawa, mama alichora mstari kwa kalamu kwenye soli ya ndani pale vidole vilipoishia. Vidole vikirudi nyuma ya mstari huo, kisigino kimepanda. Kiatu kilipozidi kuteleza, fundi alibandika kipande cha sponji ngumu ndani, nyuma, juu tu ya kisigino, ili kikizuie kupanda. Malengelenge hayakutokea tena. Wekundu kidogo ni wa kawaida katika siku za mwanzo. Alama nyekundu inayong'aa nyuma ya kisigino ni dalili kwamba kiatu kimelegea. Mafuta hayapakwi mahali palipo pekundu, maana hulainisha ngozi ikachubuka zaidi. Siku 2 au 3 za kwanza mtoto hulia, na huzoea haraka akichezeshwa kwa kuinamisha na kunyoosha miguu yote miwili pamoja na chuma chake.

Mguu ukirudi licha ya yote, hogo hurudiwa kwanza. Hufaa pia kwa watoto wakubwa walioletwa wakiwa wanatembea. Mtoto ambaye mguu wake unageuka ndani kila anapotembea anaweza kuhamishiwa kano ya mbele ya mguu kwenda upande wa nje, kwa kawaida baada ya kutimiza miaka 2 na nusu au 3, wakati mfupa inapofungwa umeshakomaa kuishika. Hufungwa hogo wiki 6, na baada ya hapo wengi hawahitaji tena viatu vya chuma. Upasuaji mkubwa wa kufungua viungo vyote hubaki kwa miguu michache iliyogoma kila njia. Hata mguu uliopona vizuri, ukiwa mmoja, huwa mfupi kidogo kuliko mwenzake na msuli wake wa nyuma huwa mwembamba. Hali hiyo hubaki, na haimzuii mtoto kukimbia.