Kiputo Ndani ya Kalamu ya Insulini
Kwa mwenye kisukari na wanaomsaidia nyumbani

Tuanze na hofu yenyewe. Wengi wamesikia kwamba hewa ikiingia mwilini kwa sindano inaua. Neno hilo lina ukweli pale hewa nyingi inapoingia kwenye mshipa wa damu, ndiyo maana wauguzi hukagua sana mpira wa dripu. Insulini ya kalamu haichomwi kwenye mshipa. Inachomwa kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, tumboni, pajani au kwenye makalio, na kiputo kikiingia huko mwili hukinyonya bila madhara.

Hasara ya kiputo ni kwamba kinakaa mahali pa dawa. Kalamu nyingi zina insulini ya yuniti 100 kwa kila mililita, kwa hiyo yuniti moja ni sehemu ya mia ya mililita, kitu ambacho jicho linakidharau kwa urahisi. Tone la dripu ya kawaida, ile ambayo matone 20 hufanya mililita moja, lingebeba yuniti 5. Sasa mchukue mtoto aliyeandikiwa yuniti 4. Hewa ya kiasi cha tone hilo ikitangulia kutoka, kalamu itasoma 0, kitufe kitakuwa kimebonyezwa hadi mwisho, na mtoto huenda asiwe amepata kitu. Jioni sukari inapanda na lawama zote zinaangukia wali.

Hewa inaingilia wapi?

Kalamu mpya inaweza kuja na kiputo kidogo tangu kiwandani. Vile vikubwa mara nyingi tunavitengeneza wenyewe, kwa kuiacha sindano kwenye kalamu baada ya kujichoma. Sindano ikibaki pale, njia iko wazi. Joto likipanda, insulini hutanuka na kuvuja. Ikipoa, husinyaa na kuvuta hewa ndani. Kalamu iliyoshinda na joto la mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, kisha ikaingizwa kwenye friji na sindano yake, ni rahisi sana ikutwe na kiputo asubuhi. Kwa insulini yenye rangi ya maziwa kuna hasara ya pili: maji yanayovuja hubadilisha nguvu ya dawa inayobaki.

Tunajua kwa nini watu huiacha sindano: bei. Sindano hizi zimetengenezwa zitumike mara moja tu. Kama kwenu hazitoshi, mwambie muuguzi wa kliniki waziwazi ili mpange pamoja. Lakini hata wakati wa uhaba, itoe kwenye kalamu kila ukimaliza. Na kalamu haiazimwi, hata kati ya mume na mke, hata kwa sindano mpya, kwa sababu damu kidogo inaweza kurudi ndani ya katriji, kile kichupa cha insulini kilicho kwenye kalamu.

Kuitoa hewa

Funga sindano na uondoe vifuniko vyote viwili, cha nje na cha ndani. Cha ndani husahaulika kuliko watu wanavyokubali. Zungusha kitufe hadi yuniti 2. Shika kalamu sindano ikielekea juu, gonga katriji kwa kidole mara kadhaa ili hewa ipande, kisha bonyeza kitufe hadi isomeke 0. Tone lazima lionekane kwenye ncha. Lisipoonekana, rudia. Kalamu mpya, au iliyowekwa katriji mpya, inaweza kudai urudie mara kadhaa kabla ya kutii.

Unachotafuta ni tone. Kiputo cha ukubwa wa kichwa cha pini kikibaki ndani, kiache. Anayehangaika kukimaliza kabisa humwaga dawa bure. Wala usikifuate kwa bomba la sindano kupitia mpira wa katriji, maana utaongeza hewa na kuvuruga kipimo.

Jaribio hili la tone hufanywa kabla ya kila sindano, si siku ya kufungua kalamu tu. Ndiyo, lina gharama. Anayejichoma mara mbili kwa siku hutumia yuniti 4 kwa majaribio, yaani 120 kwa siku 30, na kalamu ya mililita 3 ina yuniti 300. Mkumbushe daktari azihesabu yuniti hizo anapokuandikia dawa, usije ukaanza kuruka jaribio ili dawa ifike mwisho wa mwezi.

Insulini ya maziwa, kama ile ya mchanganyiko wa 70/30, ichanganye kabla ya jaribio: iviringishe kalamu mara 10 kati ya viganja, kisha uipindue juu chini mara 10, hadi iwe nyeupe sawasawa. Usiitikise kwa nguvu, itatoa povu. Iliyo safi kama maji haihitaji kuchanganywa.

Wakati wa kuchoma

Bonyeza kitufe hadi 0, kisha hesabu polepole hadi 10 kabla ya kuchomoa. Hewa iliyo ndani ya katriji hubanwa unaposukuma, halafu huendelea kuisukuma dawa taratibu. Ukichomoa upesi utaona insulini ikidondoka nje. Ikidondoka, usijiongezee nyingine kwa kukisia. Hujui kiasi kilichoingia, na dozi ya pili juu ya ya kwanza inaweza kuishusha sukari kwa hatari. Pima sukari baada ya saa chache, iandike kwenye daftari, na ikiwa juu kuliko kawaida wasiliana na kliniki.

Kalamu isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Iliyoganda haitumiki tena hata ikiyeyuka. Inayotumika huwekwa kivulini, chini ya nyuzi 30, kwa siku zilizoandikwa kwenye karatasi yake, nyingi zikiwa 28.

Ukijaribu mara sita bila tone, badilisha sindano kwanza, kwani huenda imeziba. Na hiyo mpya ikikosa kutoa tone, usijichome kwa kalamu hiyo. Chukua nyingine, na ile mbovu irudishe dukani au kliniki na boksi lake, maana namba ya toleo itahitajika.